Ufunguo umebaki kwenye buti: kabla hujampigia fundi

Jumamosi moja asubuhi, sokoni Tegeta. Nimefungua buti la IST yangu, kwa mazoea nikabonyeza rimoti milango ijifunge, halafu mikono ikajaa: mchele, tenga la nyanya, ndoo ya dagaa. Ufunguo nikauweka juu ya mfuko wa mchele ili nipate nafasi. Nikalishusha buti. Kosa langu nililijua kabla halijagonga.

Vijana wa boda hawakukawia. "Dada, tulia, dakika moja tu." Mmoja alikuwa na henga ya waya iliyokwisha kunyooshwa, jambo ambalo mpaka leo linanipa mawazo. Nikakataa. Kupenyeza waya kati ya kioo na mpira kulifaa magari ya zamani. Haya ya sasa, ndani ya mlango mna nyaya za loki na za vioo, na mengine yana nyaya za mfuko wa hewa wa pembeni. Jirani yangu alifunguliwa hivyo. Mlango ulifunguka vizuri, ila kioo hakikupanda tena mpaka fundi alipoubandua mlango wote kwa ndani.

Hapo nilikuwa na akili. Zilinitoka nilipopewa namba ya fundi wa funguo anayetembea. Kwenye simu alisema 30,000. Alipofika akalizunguka gari mara mbili, akatikisa kichwa: "Mama, hii ni ya chipu. Laki na nusu." Jua kali, dagaa wananuka, nikabembeleza tukaishia 100,000. Akafungua kwa dakika 5.

Chipu haihusiani kabisa na kufungua mlango. Kile kidude kilichofichwa kwenye kichwa cha plastiki cha ufunguo kazi yake ni kuiruhusu injini iwake. Ukizungusha suichi, gari linakisoma, lisipokitambua injini haiwaki. Mlango wenyewe hauna habari nacho. Kufungua gari ni kazi moja, kutengeneza ufunguo utakaoliwasha ni kazi nyingine, na bei zake hazilingani. Kama ufunguo wako ni mzima na umeuona kwa macho upo ndani, unanunua kazi ya kwanza tu. Mwambie hivyo kwenye simu, na mkubaliane bei kabla hajapanda boda kuja kwako.

Fundi ninayemtumia sasa nilimjua kwa maswali yake. Kabla ya kutaja bei aliuliza: gari gani, la mwaka gani, la kuwasha kwa kuzungusha ufunguo au kwa kubonyeza kitufe, ufunguo uko ndani au umepotea? Akaja na kabari ya plastiki, kimfuko bapa cha kujaza upepo na fimbo ndefu. Anausogeza mlango kidogo kwa juu, anapitisha fimbo, anabonyeza loki kwa ndani. Rangi haikuguswa. Na kabla ya yote aliniuliza kadi ya gari. Nikamwambia imo humo humo ndani. "Basi nikifungua, cha kwanza nionyeshe hiyo." Fundi asiyekuuliza gari ni la nani, kesho atalifungua la kwako kwa mtu mwingine.

Ila mtoto akifungiwa ndani usisubiri fundi yeyote. Juani joto ndani ya gari linaweza kupanda nyuzi 10 kwa dakika 10. Vunja kioo kilicho mbali naye. Kioo kinauzwa.

Rimoti kukataa ni habari nyingine, na mara nyingi haihitaji fundi. Kwanza tazama kama taa za gari zinawaka. Zikiwa zimekufa, tatizo ni betri ya gari, tafuta mtu wa kukuunganishia. Zikiwaka, shuku kibetri cha rimoti, hasa kama siku za karibuni umekuwa ukibonyeza mara mbili tatu au kulisogelea gari. Soma namba kwenye kile cha zamani: CR2032 kina upana wa milimita 20, CR1632 milimita 16, vyote ni volti 3 lakini hakuna kinachokaa mahali pa mwenzake. Nunua kilicho kwenye pakiti yake. Mwenye gari la kubonyeza asibabaike: ndani ya ile rimoti umefichwa ufunguo mwembamba wa chuma wa kufungulia mlango. Ukishaingia, kwenye Toyota nyingi unakanyaga breki, unaigusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, ukisikia mlio unabonyeza. Jaribu leo ukiwa nyumbani.

Lakini pesa ya maana inaokolewa kwa kuchonga ufunguo wa pili wakati wa kwanza ungali hai. Magari mengi yanayotoka Japani yakiwa yametumika hufika na mmoja tu. Ukiwa nao, fundi ana cha kunakili. Ukiupoteza huo mmoja, itabidi aingie kwenye kompyuta ya gari, na hapo hata sauti ya fundi inabadilika. Ukipoteza mmoja ukabaki na mwingine, mwambie pia aufute uliopotea kwenye kumbukumbu ya gari. Na kama gari lilikuja na kibati kidogo chenye namba ya ufunguo, kihifadhi. Kwa namba hiyo fundi anaweza kuchonga bila hata kuuona ufunguo.

Wangu wa pili niliujaribu palepale dukani ukiwa kwenye pete moja na wa zamani. Gari likawaka, nikalipa, nikaondoka nikiimba. Wiki mbili baadaye nikautumia peke yake: suichi inazunguka, injini kimya. Siku ile gari lilikuwa limesoma chipu ya yule mkongwe aliyening'inia pembeni. Kwa hiyo unapojaribu mpya, ule wa zamani uache mezani kwa fundi, wewe nenda garini na mpya peke yake, uwashe mara tatu.