Maswali Yenu: Ungezaliwa Roma Ungekuwa Mkatoliki?

Mpwa wangu yuko chuo kikuu. Kila tukikaa ananiambia, "Mjomba, wewe ni Mwislamu kwa sababu ulizaliwa Pangani. Ungezaliwa Roma ungekuwa Mkatoliki." Hubaki nimekasirika tu. Hoja yake ina uzito gani? (Msomaji, Tanga)

Uzito inao, ila si ule anaoudhani. Mpwa wako anachanganya maswali mawili: umeipataje imani yako, na je, unachokiamini ni kweli. La kwanza hujibiwa kwa historia ya ukoo wenu. La pili halijibiwi hivyo hata kidogo. Habari ya kwamba dunia ni duara uliipata kwa mwalimu wa shule ya msingi, hukuipima mwenyewe, na dunia haikuacha kuwa duara kwa sababu hiyo. Isitoshe, hoja yake ni msumeno, inakata mbele na nyuma: yeye naye angezaliwa Pangani mwaka 1700, huo wasiwasi wa chuoni angeutoa wapi?

Lakini usishangilie mapema. Ikiwa sababu yako pekee ni "ndivyo tulivyolelewa", basi Mkatoliki wa Roma anayo sababu hiyohiyo, yenye nguvu ileile, na pale mnapopingana hamwezi kuwa sahihi wote wawili. Malezi yanaeleza tu ulikoanzia. Hapo kijana amekubana kwa haki.

Tena hoja yenyewe haikuzaliwa chuoni. Mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali (1058–1111), katika kitabu alichosimulia safari yake ya kutafuta yakini, al-Munqidh min al-Dalal, anaanza na jambo hilohilo: aliona watoto wa Wakristo wanakua Wakristo, wa Mayahudi wanakua Mayahudi, wa Waislamu wanakua Waislamu. Hakukasirika. Aliuliza ni elimu gani itakayobaki ukiondoa taklidi, yaani kufuata wazazi na walimu bila hoja. Akaanza kuyapima macho. Kivuli ukikitazama kimetulia tuli. Rudi baada ya saa moja, kimehama. Nyota huonekana ndogo kama sarafu ya dinari, na hesabu za jiometri zinasema ni kubwa kuliko dunia. Basi ikiwa akili imeyasuta macho, nani ajuaye kama hakuna mwamuzi mwingine atakayeisuta akili nayo? Alikaa katika shaka hiyo karibu miezi miwili, na anasema alitoka kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake, wala si kwa hoja iliyopangwa.

Nuru hiyo kwa aliyeipata inatosha. Kwa mtu wa tatu haitoshi, maana hana pa kuitazama, na hapo ndipo Ghazali na mpwa wako wangeachana njia. Ukitaka aliyembishia Ghazali kutoka ndani ya Uislamu huohuo, yupo mwanafalsafa Ibn Rushd wa Cordoba, Hispania (1126–1198), aliyeandika kitabu kizima kujibu mashambulizi ya Ghazali dhidi ya wanafalsafa.

Siku nyingine mjibu hivi: "Kweli, Pangani ndiko nilikoanzia. Sasa niulize kwa nini nimebaki." Kisha uwe na sababu moja au mbili zisizoanza na "kitabu kimesema", kwa sababu kitabu chenyewe ndicho kinachobishaniwa.

Mfanyakazi mwenzangu anadai wanasayansi walishapima maombi wakakuta hayaponyi. Kanisani kwetu kila Jumapili kuna shuhuda za kupona. Nimwamini nani? (Msomaji, Mbeya)

Bila shaka anausema utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, ukiongozwa na daktari Herbert Benson. Wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa mishipa ya moyo, katika hospitali sita, waligawanywa kwa bahati nasibu makundi matatu. Waombaji Wakristo walipewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi ya kwanza ya jina la ukoo, wakaomba kwa siku 14 kuanzia usiku wa kuamkia upasuaji. Walioombewa bila kujua kwa hakika, asilimia 52 walipata matatizo ndani ya siku 30. Wasioombewa, nao bila kujua, asilimia 51. Walioambiwa wazi kwamba wanaombewa, asilimia 59.

Tofauti ya 52 na 51 si kitu. Hiyo 59 ndiyo iliyozua maneno: huenda ni bahati tu, huenda ni hofu ya mgonjwa anayejiuliza, "Kumbe hali yangu ni mbaya kiasi cha kutafutiwa waombaji?"

Utafiti huu unasema kwamba maombi ya watu wasiokujua, kwa ratiba, hayakuonekana kupunguza matatizo ya upasuaji. Hausemi Mungu hayupo. Wala haukuweza kuwazuia mama na majirani wasiwaombee wale "wasioombewa", kwa hiyo kilichopimwa ni maombi ya nyongeza. Ila muumini anayekimbilia kusema Mungu hapimwi kwa takwimu ajue gharama yake: Jumapili asije akahesabu waliopona kuwa ni ushahidi.

Kuhusu shuhuda, chora visanduku vinne: walioombewa wakapona, walioombewa wasipone, wasioombewa wakapona, wasioombewa wasipone. Madhabahuni hupanda watu wa kisanduku cha kwanza tu. Tuseme watu 1,000 wenye maumivu ya mgongo wameombewa, na 600 kati yao wangepata nafuu hata bila kufanya lolote. Hapo una shuhuda 600 za kweli kabisa, hakuna aliyedanganya, na bado hujajua kama maombi yalihusika. Mwaka 2011 pale Samunge, Loliondo, magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kufuata kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, iliyosemwa inaponya magonjwa sugu. Habari zilizosambaa zilikuwa za waliojisikia nafuu. Aliyeacha dawa zake akazidiwa nyumbani hakurudi kusimulia. Kwa hiyo omba, na vidonge vya presha meza.

Msomi mwenye digrii anawezaje kuamini kwamba ajali ya basi ni mkono wa mtu? (Msomaji, Kisumu)

Kwa kuwa anauliza swali ambalo fundi makanika halijibu. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard aliwaeleza Azande, ambao leo wako Sudan Kusini na nchi jirani ikiwemo Kongo, katika kitabu cha 1937. Ghala la nafaka husimama juu ya nguzo, watu hukaa chini yake kukwepa jua, na siku moja huanguka likawajeruhi. Azande walijua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Walichouliza ni kwa nini limeanguka saa ileile watu wale wameketi pale. Mchwa wanaeleza ghala, jua kali linaeleza watu, na kinachounganisha viwili hivyo kwetu sisi ni nasibu, kwao ni uchawi. Msomi wako anajua breki zimekatika. Anauliza kwa nini lilikuwa basi la mwanawe.

"Nasibu" ni jibu sahihi, ingawa halimfariji mfiwa. Hatari inaanza pale pengo linapopewa jina la mtu. Usukumani, Tanzania, vikongwe wameuawa wakidhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, wekundu wa moshi wa jikoni.

Si salama zaidi kuamini tu? Nikikosea sipotezi kitu. (Msomaji, Bujumbura)

Hilo ni dau la mwanafalsafa Mfaransa Blaise Pascal (1623–1662). Linakwama mara mbili: halisemi uweke dau kwa Mungu wa dini ipi, na imani haiji kwa kuamua tu. Hili la pili Pascal alilijua, ndiyo maana alishauri mtu aanze na misa na maji ya baraka, imani itafuata. Hiyo ya kutopoteza kitu, muulize anayefunga na kutoa fungu la kumi.

Mdahalo wetu wa "Mungu yupo" uliishia kwa matusi. Tuupangeje? (Mwalimu wa sekondari, Morogoro)

Mada ni pana mno. Katikati watetezi huhama kutoka "kuna aliyeanzisha ulimwengu" kwenda "dini yangu ndiyo ya kweli", wapinzani nao huhama kutoka hoja kwenda tabia za mapadri na masheikh. Andika dai moja ubaoni, sentensi moja, lisifutwe. Kila msemaji apewe dakika tano, na kabla ya kupinga arudie hoja ya mwenzake mpaka mwenyewe aseme, "Naam, ndivyo nilivyosema." Asiyeweza, zamu yake ipite. Mistari ya vitabu vitakatifu itumike tu pale pande zote zinapokikubali kitabu. Mwishoni kila upande utaje kitu kimoja ambacho kingeubadilisha msimamo. Ukisema hakipo, mwenyekiti aandike hivyo bila kejeli.

Muhula huu jaribuni dai hili: "Shuhuda za kuponywa zinatosha kuwa ushahidi." Muumini anaweza kusimama upande wowote, na wazazi hawatakuja ofisini kwa mkuu wa shule.