Maswali ya Wasomaji: Kamera Kofiani, Ardhi Inakuja

Barua tatu tulizozipokea zinauliza juu ya kazi ya kuwapiga picha wanaoruka na miavuli, katika zile sekunde kabla mwavuli haujafunguka. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu mwandishi wake anataka kuifanya riziki.

SWALI: Mhariri, assalaam alaikum. Mimi ni mpiga picha wa harusi na watalii hapa Ukunda. Kila nikiwa ufukweni Diani naona wageni wakishuka na miavuli hali wamefungwa kifuani mwa mwalimu, na mara nyingine hutangulia kutua kijana mwenye kamera kofiani, ambaye amewapiga picha tangu mlangoni mwa ndege. Nami nimeruka mara moja na mwalimu, wala sikuogopa. Kamera nzuri ninayo, na lenzi ninazo. Nianzie wapi ili niipate kazi hiyo, na itanichukua muda gani? — *Msomaji, Ukunda*

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu yetu. Ujuzi wako wa kamera utakufaa sana, ila ndio utakaohitajika mwisho. Katika ule mruko mmoja uliofanya, mwalimu ndiye aliyekuwa na mwavuli, ndiye aliyeangalia kimo, na ndiye angeshughulikia hitilafu kama ingetokea. Anayepiga picha hana mtu wa kumfanyia hayo. Huruka peke yake na mwavuli wake, na kamera huja juu ya majukumu hayo yote bila kumpunguzia hata moja.

Kwa hiyo anza kama mwanafunzi wa kuruka. Mafunzo huanza darasani, kisha katika miruko ya mwanzo walimu, mara nyingi wawili, humshika mwanafunzi tangu mlangoni hadi anapofungua mwavuli wake mwenyewe. Kwa utaratibu wa chama cha warukaji cha Marekani, USPA, ambao umeenea hata nje ya nchi hiyo, leseni ya kwanza, yaani A, hutolewa kwa mwenye miruko isiyopungua 25 na aliyefaulu majaribio yake; B huhitaji miruko 50, C 200, na D 500. Ushauri wa chama hicho ni kwamba mtu asivae kamera kabla hajafika kwenye C. Ukiruka mara nne kila mwisho wa wiki utafika 200 kwa muda wa karibu mwaka mmoja, iwapo mfuko utaruhusu na iwapo mvua za masika hazitakufungia ndege chini kwa majuma kadhaa. Kila mruko hulipiwa, basi kabla ya kununua lenzi nyingine, nenda kituoni ukaulize gharama za kozi nzima na za kukodi vifaa.

Miruko hiyo si ya kujazia daftari. Mtu aliyelala kifudifudi hewani huanguka kwa kasi ya takriban kilomita 190 hadi 200 kwa saa. Mwalimu na mgeni wake, kwa kuwa ni wawili waliofungwa pamoja, wangeanguka kwa kasi kubwa zaidi, ndiyo maana mwalimu huachia nyuma yao parachuti ndogo ya breki inayowarudisha karibu na kasi hiyo. Hata hivyo, watu wazito hawaanguki sawa na watu wepesi, na wewe hutamchagua mgeni. Ni lazima uweze kupunguza kasi kwa kujitandaza, kuiongeza kwa kujikunja, kusogea mbele na nyuma bila kutumia mikono kama muogeleaji, na kubaki mita mbili tatu mbele ya uso wa mgeni huku kichwa chako kimetulia. Kichwa kikitikisika, picha yote hutikisika nacho. Wapiga picha wengi huvaa koti lenye mbawa za kitambaa kati ya mkono na ubavu ili wapate uwezo zaidi wa kupanda na kushuka. Koti hilo nalo hujifunzwa pekee, katika miruko isiyo na kamera, na kabla ya kupanda ndege hakikisha kwamba ukilivaa bado unaifikia mipini yako yote ya kufungulia mwavuli.

Sehemu ngumu kuliko zote ni mlango. Mpiga picha hutoka kwanza, akasimama nje ya ndege juu ya kidaraja kidogo, mkono mmoja umeshika chuma kilichopo juu ya mlango, upepo ukimsukuma kuelekea mkiani, naye anamtazama mwalimu anayejongea mlangoni na mgeni wake. Mwalimu huyumba kidogo, nje, ndani, na katika myumbo wa mwisho mpiga picha huachia nusu pumzi kabla yao. Akiwahi mno, hubaki na picha ya ndege tupu. Akichelewa, hujikuta yuko juu yao, na huko juu ndiko kwenye hatari: hewa iliyo mgongoni mwa watu wanaoanguka imevurugika, haimbebi mtu, na anayeiingia huwaangukia. Papo hapo parachuti ya breki nayo inatolewa. Kosa la mlangoni hulipwa na watu watatu, na mmoja wao hajui lolote.

Wakati wa kufungua, mwalimu hutangulia, kwa kawaida karibu na futi 5,000. Mwavuli wao unapojaa huonekana kana kwamba wamerushwa juu, kumbe ni wewe unayeendelea kuanguka. Hiyo ndiyo picha ambayo wageni wengi huipenda. Ukishaipata, geuka, jiondoe chini yao, angalia kimo na ufungue mwavuli wako. Kisha utatakiwa utue kabla yao ili uwapige picha wakitua, na hapo wapya wengi hushawishika kuzungusha mwavuli kwa nguvu ili washuke upesi. Usifanye hivyo. Picha ya kutua inaweza kukosekana, na hakuna mgeni aliyewahi kudai mguu wako kama fidia.

Sasa tuje kwenye fani yako. Angani huna kioo cha kuchungulia. Kamera hukaa kofiani, na mbele ya jicho lako huwekwa pete ndogo ya kulengea. Simama mita tatu kutoka ukutani, weka alama, ilinganishe pete na kitovu cha picha kwa jicho lile lile utakalolitumia, kisha kaza skrubu zote. Picha za mnato hupigwa kwa swichi ndogo inayoumwa kwa meno, kwa sababu mikono ina kazi ya kuruka. Tumia lenzi pana, funga fokasi isihame, na kasi ya shata iwe ya juu. Mwanga wa kwetu una taabu yake: mbingu nyeupe na bahari inayometa huidanganya kamera ikautia giza uso wa mtu mweusi, nawe kama mpiga picha wa harusi unajua kwamba mwanga hupimwa kwa uso na wala si kwa shela. Na kumbuka baridi. Kwenye futi 13,000 juu ya Diani hewa huwa nyuzi chache tu juu ya sifuri, nawe unaishukia hewa nzito ya pwani ndani ya dakika chache. Kioo cha lenzi hushika ukungu kama hakikupata muda wa kupata joto, kwa hiyo usishangae picha za mwisho zikitoka na utando.

La mwisho ni soko, na hapa hatutakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Katika vituo vingi, mwalimu mwenyewe sasa huvaa kamera ndogo mkononi na kumrekodi mgeni wake, na picha za mtu wa tatu huuzwa kwa bei ya juu kwa wanaozitaka. Nafasi ni chache kuliko zamani. Anayedumu mara nyingi ni yule anayeweza pia kukunja miavuli, kuhariri video jioni hiyo hiyo na kuzungumza na wageni, na katika hayo mawili ya mwisho tayari una mtaji.

SWALI: Mimi ni Mtanzania ninayefanya kazi Dubai, nina leseni B na miruko 130. Kamera yangu ina uzito wa gramu 150 tu, ndogo kuliko simu, lakini msimamizi wa usalama wa kituo ninachorukia amenikataza kuivaa. Nilimwambia sitaigusa, nitaiwasha chini na kuizima chini. Je, huku si kunionea? — *Msomaji, Dubai*

JIBU: Hapana, dada yetu, hajakuonea. Uzito wa kamera ndio jambo dogo kuliko yote anayoyafikiria.

Kwanza, kamera ndogo ni kitu kilichochomoza kofiani. Mwavuli unapofunguka vibaya, kamba zake hupita karibu na kichwa, na kamba moja ikijinasa kwenye kamera huweza kuuzuia mwavuli usijae au kukuvuta shingo. Ndiyo sababu kofia za wapiga picha hutengenezwa laini bila pembe, na zikawa na kifungo cha kidevuni kinachofunguka kwa mvuto mmoja ili kofia yote iende na kamba. Mazoezi yake hufanywa chini, macho yamefumbwa na glavu mkononi, hadi mkono upajue mahali pake. Je, kofia yako ina kifungo hicho?

Pili, na hili ndilo kubwa, kamera hula akili hata isipoguswa. Unapanga uwe wapi ili rafiki yako aonekane vizuri, unajiuliza kama taa inawaka, na wenzako nao, wakijua wanarekodiwa, hufanya wasiyoyafanya siku nyingine. Wakati huo kila futi 1,000 huisha kwa sekunde tano na nusu hivi. Kutoka futi 5,000 hadi chini ni chini ya nusu dakika.

Mwaka 1988 huko North Carolina, Marekani, mrukaji aitwaye Ivan McGuire, aliyekuwa na miruko zaidi ya 800, alikuwa akiwarekodi mwalimu na mwanafunzi wake. Alikuwa amesharuka mapema siku hiyo bila tatizo. Katika mruko wa mwisho alitoka mlangoni na kamera yake bila kuvaa mwavuli, na aligundua hilo akiwa tayari anaanguka. Vifaa vya kurekodia vya siku zile vilikuwa vizito na vilibebwa mwilini, na inafikiriwa kwamba uzito huo ulichangia asihisi kinachokosekana mgongoni. Hatukutajii habari hii ili kukutisha. Tunataka uone kwamba miruko 800 haikumkinga mtu ambaye mawazo yake yote yalikuwa kwenye picha, na kwamba ukaguzi wa vifaa mara tatu, kabla ya kuvaa, kabla ya kupanda na kabla ya kutoka, hauna mjadala kwa yeyote mwenye kamera.

Wengine husema kwamba kipo kile kifaa kinachofungua mwavuli wa akiba chenyewe, kama CYPRES iliyoingia sokoni mwaka 1991. Kipo, na kimeokoa wengi, lakini hufanya kazi katika mamia machache ya mwisho ya futi, na hakina uwezo wa kukata kamba iliyojinasa kofiani.

Tumia miruko 70 iliyobaki kwa jambo lenye faida: mwombe mpiga picha mzoefu aruke nawe akurekodi wewe, kisha mkae mtazame pamoja. Utakapofika 200, miruko ya kwanza ya kamera iwe ya watu wawili tu, na huyo mwenzako awe anayejua kutulia mahali pamoja. Kofia mpya, koti jipya na ndege usiyoizoea visikutane siku moja. Na linda shingo mapema: mwavuli unapofunguka, tazama upeo wa macho, kichwa kikiwa sawa na mgongo. Kutazama juu kuona kama umejaa, hasa ukiwa na kofia yenye kamera mbili, ndiko kunakowapeleka wapiga picha kwa daktari.

SWALI: Nilitazama mashindano ya timu za watu wanne wanaoshikana angani na kuachana kwa maumbo mbalimbali. Nimeambiwa kila timu huwa na mtu wa tano mwenye kamera. Je, huyo ni mshindani au mfanyakazi wa timu? — *Msomaji, Muscat*

JIBU: Ni mshindani kamili, na timu ikishinda naye hupanda jukwaani na kuvishwa medali. Waamuzi hawaoni mruko kwa macho yao. Wanaipokea video yake na kuhesabu maumbo yaliyokamilika ndani ya sekunde 35, kuanzia pale timu inapotoka ndegeni. Umbo ambalo mishiko yake haikuonekana, kwa sababu mkono wa mtu ulifichwa na mwili au timu ilitoka nje ya fremu, linaweza kuinyima timu pointi hata kama angani lilifanyika vizuri. Kwa hiyo yeye hukaa juu ya wenzake akiwatazama kwa pembe kali, karibu kiasi cha kuonyesha vidole lakini si juu yao kabisa hadi akaanguka katika hewa yao iliyovurugika, na huijua orodha ya maumbo kwa moyo sawa na wao ili asogee kabla hawajasogea.