Maswali yenu ya majani, kabla hamjawasha gari kwenda New Hampshire na Vermont

Haya, Septemba ishafika na maswali ni yale yale ya kila mwaka, majani yameiva wapi, twende lini, tubebe nini. Wengine mnauita msimu huu vuli, sawa, kamusi inasema hivyo, ila mie mtu wa pwani nikisikia vuli nasikia mvua juu ya mabati, kwa hiyo hapa nitasema tu msimu wa majani, yaani pale majani ya miti yanapogeuka njano na nyekundu kabla ya kudondoka. Nakaa Lowell, Massachusetts, huku Marekani, na hizi barabara nazipita kila Oktoba.

"Nimebakisha ofu mbili tu mwezi wa kumi. Niweke wikendi gani ili nikute rangi kali?" (Mama wa watatu, Worcester)

Dada, usiweke wikendi. Weka Jumanne au Jumatano, na hasa hasa iogope ile wikendi ya Jumatatu ya pili ya Oktoba manake ni sikukuu na New England nzima, yaani haya majimbo yetu ya kaskazini mashariki, inahamia barabarani, utaangalia bampa ya mwenzio kuliko majani. Tarehe yenyewe hamna wa kukuapia. Rangi inashuka kama maji, inaanzia kaskazini na juu milimani wiki ya mwisho ya Septemba, wiki ya kwanza ya Oktoba iko White Mountains, ile milima ya New Hampshire, na Vermont ya juu, katikati ya mwezi inafika kusini mwa Vermont, halafu inamalizia pwani ya Maine na huku kwetu mwishoni mwa Oktoba. Ukichelewa shuka kuelekea baharini, ukiwahi panda. Mie mwaka wangu wa kwanza niliingoja ile siku yenyewe inayotangazwa, nikangoja wee, usiku mmoja ikapiga mvua ya upepo nikaenda kuangalia matawi. Siku hizi ofu ikifika naondoka, nusu kijani nusu njano nayo tamu tu.

"Lowell kwenda na kurudi siku moja, na mama mkwe yumo garini, magoti yanamsumbua. Njia gani?" (Mkwe mwema, Lowell)

Hii ndo naijua kama njia ya jikoni kwangu. Tokeni saa kumi na mbili asubuhi, shikeni I-93 kaskazini, masaa mawili hivi mko mji wa Lincoln, New Hampshire. Mpite kwanza mwende mbele kidogo mpaka Franconia Notch, pale milima inaibana barabara kuu mpaka inabaki leni moja kila upande. Mwonyesheni mama ule mwamba uliokuwa na uso wa mzee, yule mzee wa kwenye alama za barabara za New Hampshire. Uso uliporomoka Mei 2003, kwa hiyo mtakuwa mnamwonyesha jabali tupu, ila hadithi ya mzee aliyeanguka wazee wanaipenda.

Halafu rudini Lincoln mjaze tenki. Nimesema mjaze. Barabara ya Kancamagus, yaani 112, ni maili 34 na ushei mpaka Conway na katikati hamna petroli, hamna duka, netiweki nayo inapotea. Mie nilijifanya mjanja nikaingia na robo tenki, taa ikawaka kabla hata sijafika kilele, mama watoto akanyamaza ule unyamavu wake, nikazima hita tukateremka bila kukanyaga mafuta na madirisha yana ukungu, watu wazima tumevaa mablanketi ndani ya gari. Tulifika Conway, lakini majani ya mwaka huo siyakumbuki hata moja.

Uzuri wa kuanzia Lincoln asubuhi ni kwamba unaelekea mashariki, jua liko mbele yako linapita ndani ya majani kabla halijakufikia, yanawaka kama chimni ya taa. Vaa miwani na usikimbize. Kwa magoti ya mama, kituo cha kutazamia pale juu ni kwenye maegesho yenyewe, na kwenye maporomoko ya Lower Falls maji yako karibu na gari. Sabbaday Falls kuna kamwendo, waende vijana. Bebeni noti ndogo, baadhi ya maegesho ni dola 5 unatia kwenye bahasha.

"Kwa nini mwaka mwingine nyekundu inakolea na mwaka mwingine njano tu?" (Mwanafunzi, Lewiston)

Kama umekulia karibu na mti wa mkungu ushaona hii kitu, jani linageuka jekundu linadondoka uani unafagia. Huku siku zikifupika mti unaacha kutengeneza ile klorofili ya kijani. Njano ilikuwemo muda wote, imefunikwa tu. Nyekundu ndo inapikwa papo hapo, kwa sukari iliyonaswa ndani ya jani, na inataka mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha. Mawingu yakikaa wiki mbili, nyekundu inapauka. Bingwa wa nyekundu na chungwa ni mti wa meipo, huo huo wanaoukamua sirapu mwisho wa baridi, na sirapu galoni moja inakula kama galoni 40 za utomvu, ndo maana bei ile.

"Kuna shamba Vermont naliona sana kwenye picha, nataka nikapige hapo." (Burlington)

Kama ni lile la Pomfret, mwachie mwenyewe. Watu walijaa mno, wakaegesha popote, wakaingia mpaka kwenye uwanja wa mtu, na mwaka 2023 barabara ikafungwa kwa wasio wenyeji wakati wa msimu. Na wewe ungefanya hivyo hivyo kama kila siku mgeni anabadilisha nguo nyuma ya banda lako la ng'ombe. Shika barabara ya 100 inayopita Vermont kaskazini mpaka kusini, hamna mabango ya matangazo kabisa manake jimbo lilishayapiga marufuku mwaka 1968. Ukishuka upande wa Windsor vuka lile daraja refu la mbao lenye paa la mwaka 1866. Paa ni kuzuia mbao zisioze, si urembo.

"Nikitoka shifti saa tisa mchana naweza kwenda nikarudi usiku?" (CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, Manchester, New Hampshire)

Usithubutu, ndugu. Oktoba jua linazama saa kumi na mbili hivi, utaona giza tu, na kule kuna muusi, kulungu mkubwa kuliko ng'ombe, mweusi, mrefu kiasi kwamba taa zako zinamulika miguu na mwili unakuja kwenye kioo. Ile alama ya barabarani yenye muusi, ya kukwambia upunguze mwendo, si pambo.

"Tubebe karatasi za uhamiaji?" (Familia, Portland)

Ndio. Kule si mbali na mpaka wa Kanada na askari wa mpakani wameshaweka vizuizi I-93 siku za nyuma. Grini kadi sheria inataka utembee nayo, si picha yake kwenye simu.

"Natoka Dallas, nivae nini?"

Sweta, jaketi juu yake, na soksi za maana. Msidharau milima hii kwa urefu, Mount Washington ni mita 1,917 tu, Limuru kwenyewe kuko juu zaidi, ila pale kileleni mwaka 1934 walipima upepo wa maili 231 kwa saa.

"Na chakula? Watoto hawali vya kizungu." (Lowell tena)

Pika pilau, tia kwenye hotpoti, meza za mbao za kulia ziko njiani. Ila simameni kwenye shamba la matufaha mnunue maandazi yao ya saida, yaani ya maji ya matufaha, ya mviringo yenye tundu. Hayana iliki, mama mkwe atalalamika, atasema hayakuumuka vizuri, halafu ataomba la pili. Nunua dazeni na yawe ya moto, mfuko wa karatasi ukiwa na madoa ya mafuta ndo wenyewe, manake nusu dazeni haitoki pale kwenye maegesho.