Uvimbe wa kinena baada ya kipimo cha moyo: msiukande

Kama mgonjwa wenu amepitishiwa mrija wa kupima moyo kwenye mshipa wa paja, kisha kinena kikavimba, naomba msiinjike maji ya kukandia. Mjomba wangu alivimba hivyo tuliporudi Uyole kutoka Dar es Salaam. Shangazi akasema ni mtoki, na kweli ulifanana na mtoki, mgumu, sawa na limau. Ila nilipouwekea vidole ulikuwa unadunda sambamba na moyo wake.

Uvimbe unaodunda hivyo ni damu. Tundu la sindano kwenye ateri, yaani mshipa unaotoa damu kwenye moyo, halijaziba, damu inapenya na kujitengenezea kifuko pembeni ya mshipa. Ukikanda, kinaweza kupasuka. Ukitumbua ukidhani ni jipu, unaweza kumpoteza mtu palepale. Kinachotakiwa ni altrasaundi ya dopla, ile inayoonyesha damu inavyotembea, siku hiyohiyo.

Wengi huogopa hospitali wakidhani lazima kisu. Kifuko kidogo, chini ya sentimita 2, mara nyingi huziba chenyewe huku daktari akikifuatilia. Kikubwa zaidi huweza kubanwa kwa kifaa chenyewe cha altrasaundi, jambo linalouma sana, au kuchomwa trombini, dawa ya kugandisha damu. Mjomba tulipewa rufaa, akachomwa hiyo. Kwenye skrini kifuko kilikuwa nusu chekundu, nusu bluu, damu ikizunguka. Sindano nyembamba ikaingia, na ndani ya sekunde chache rangi zote zikazimika. Nilitokwa na machozi. Upasuaji bado upo, hasa kifuko kikipasuka, kikiingia wadudu au ngozi ikianza kuharibika.

Damu ikichuruzika nje, mlazeni chali, bonyezeni kwa nguvu juu kidogo ya kitundu cha ngozi, maana tundu la mshipa liko juu yake, na muwahi hospitali. Mguu ukiwa wa baridi, au akilalamika mgongo na kiuno huku amepauka na kuona kizunguzungu, msisubiri kuche. Dawa za kuzuia damu kuganda asiziache bila daktari, hasa aliyewekewa stenti, kile kimrija cha kuuweka wazi mshipa wa moyo.

Na anayesubiri zamu yake aulize mapema kama mrija unaweza kupitia kifundo cha mkono. Si kila mtu anafaa, lakini ateri ya pale iko juujuu, hubanwa kirahisi kwenye mfupa, na matatizo ya kuvuja damu ni machache kuliko pajani.