Sosi ya nyanya ya tambi: maswali yenu

Safu iliyopita nilitaja sosi ya vitu vitano: nyanya kilo 1, punje tatu za kitunguu saumu, vijiko vinne vya mafuta, chumvi na majani ya mrehani. Inatosha tambi za watu wanne. Maswali yamekuja, mengine ya ukali kidogo.

Nimefuata kila kitu, lakini sosi yangu ni majimaji tena chachu. Nimekosea wapi?

Umeipakua mapema. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na kazi yote ya kupika sosi ni kuyafukuza hayo maji. Kaanga saumu kwa moto mdogo mpaka inukie, isiwe kahawia. Ikiungua inakuwa chungu na hapo hakuna dawa, anza upya. Mimina nyanya, tia chumvi, na usifunike. Kwenye kifuniko ndipo wengi tunapojiangusha: mvuke unarudi ndani, unajikuta unachemsha supu. Tumia chombo kipana, kikaango au karai, na ukoroge usije ukaunguza chini. Baada ya dakika 25 hadi 35 mafuta yatajitenga pembeni, na mwiko ukipita utaacha njia kabla sosi haijairudia. Sasa ndiyo uonje. Uchachu ukiwa bado unasumbua, nusu kijiko cha chai cha sukari kinatosha. Wapo wanaotia soda ya kupikia. Inaua uchachu kweli, ila ikizidi chembe tu unakula sabuni.

Sokoni nichague nyanya zipi?

Zenye umbo la yai, zile za aina ya Cal J au Rio Grande. Zina nyama nyingi na maji machache. Yale madude ya duara yaachie kachumbari. Ziwe nyekundu mpaka kwenye kikonyo. Zikiwa na umanjano, ziache mezani siku mbili tatu, si kwenye friji, maana baridi inaua ladha. Zile zilizolegea zinazouzwa bei ya kutupa jioni ni nzuri sana kwa kazi hii, mradi hazijapasuka wala kuota ukungu.

Lazima kumenya?

Si lazima, ila maganda hujikunja yakawa kama vijiti mdomoni. Kata nyanya nusu, kwaruza upande wa nyama kwenye kikwaruzo cha karoti. Ganda litabaki kiganjani. Mbegu usitupe, ule ute wake una ladha kuliko nyama yenyewe. Blenda inaruhusiwa, lakini inatia hewa: sosi inatoa povu na kuwa rangi ya chungwa, hivyo iongezee muda motoni.

Mume wangu anasema bila kitunguu maji na bizari hicho si chakula.

Kitunguu maji mpe, kimoja, kikaangwe kabla ya saumu mpaka kilainike. Bizari ni habari nyingine. Wasomali wana suugo yao, sosi ya nyanya na nyama yenye mchanganyiko wa viungo uitwao xawaash, na ni tamu kwelikweli. Siku hiyo mpikie suugo. Ninachomwomba ni asitie vile vidonge vya supu, kwa sababu hapo nyanya haitasikika tena. Mrehani nao ni ule ule wa kwenye kikuba, kile kishada cha maua cha wanawake wa pwani, harufu yake kali: majani matano sita, ukishazima moto.

Mbona sosi inateleza, tambi zinabaki nyeupe?

Usiimwage juu. Toa tambi dakika moja kabla hazijaiva, zitie ndani ya sosi ikiwa motoni, ongeza nusu kikombe cha maji yaliyochemshia tambi. Wanga uliomo ndio gundi.

Naweza kuiweka kwenye chupa kabatini, kama jemu?

Hapana. Saumu na mafuta ndani ya chupa iliyofungwa bila hewa ni mahali pazuri pa bakteria wa botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu ya chakula, na sumu yao huwezi kuitambua kwa kunusa wala kwa macho. Friji siku tatu au nne, friza miezi mitatu. Na ihamishe kwanza kutoka kwenye sufuria ya alumini. Ikilala humo, asubuhi itakuwa na ladha ya bati.