Korodani ikivimba, usingoje kesho

Siku tatu nilitembea nimepanua miguu, nikikaa upande upande kwenye ukingo wa kiti, na kila aliyeuliza nilimjibu kwamba mgongo unanisumbua. Korodani ya kulia ilikuwa imevimba na ina joto, hata kuguswa na suruali tu machozi yananilenga. Homa ilipopanda siku ya nne ndipo nilipokwenda hospitali. Daktari alinipima, akavua glavu, akauliza: "Ulikuwa unangoja nini?" Sikuwa na jibu. Ilikuwa aibu tu.

Nilichoelezwa siku ile ningependa kila mwanamume akijue. Mbegu za kiume huanza kutengenezwa wakati wa balehe, ilhali kinga ya mwili hujifunza kutambua vilivyo vyake mapema zaidi. Kwa hiyo mbegu huzaliwa zikiwa ngeni ndani ya mwili wenyewe, na kinga ingeweza kuzivamia kama inavyovamia vijidudu. Zinazozilinda ni seli za Sertoli, zilizopewa jina la Mwitaliano aliyezieleza mwaka 1865. Seli hizi hushikamana kwa nguvu ndani ya vijirija vya korodani mpaka zikawa ukuta.

Nje ya ukuta huo zimo makrofaji, chembe za kinga zinazomeza vijidudu na uchafu. Ndizo nyingi kuliko chembe nyingine zote za kinga humo. Kwingine mwilini huwaka upesi, ila humu ni pole ajabu: hukaa bega kwa bega na seli za Leydig zinazotengeneza testosteroni, homoni ya kiume, na hutoa kemikali za kutuliza. Testosteroni nayo husaidia kuzipoza.

Vijidudu vikipanda kutoka njia ya mkojo, utulivu huo huvurugika. Damu huleta makrofaji nyingine pamoja na seli T, chembe nyingine za kinga, ambazo hazina upole wa zile wenyeji. Humwaga kemikali za uvimbe, ukuta hulegea, mbegu changa hufa. Mbegu zikivuja nje, mwili unaweza kuzitengenezea kingamwili, yaani protini za kuzishambulia. Ndiyo maana maumivu yanaweza kuisha, hasara ikabaki.

Basi nenda siku hiyohiyo. Maumivu yakianza ghafla, usisubiri hata kupambazuke, maana huenda korodani imejisokota na damu imekatika. Hapo unahesabiwa saa, na nafasi nzuri ya kuiokoa ni ndani ya saa 6 hivi. Mimi niliilaza juu ya taulo iliyokunjwa na kujifanya daktari, wakati kuvimba na kujisokota havitofautishwi kwa kukisia kitandani.

Chanzo changu kilikuwa klamidia, bakteria wa zinaa. Nilipewa antibayotiki ya doksisaiklini, nikanywa hadi kidonge cha mwisho ingawa maumivu yalipoa mapema. Ilibidi nimwambie mke wangu ili naye atibiwe. Mazungumzo hayo yaliniuma kuliko uvimbe wenyewe, lakini nisingemwambia tungeambukizana upya.

Tena, kama hukupata matubwitubwi utotoni wala chanjo yake, ujue ugonjwa huo ukimpata mwanamume aliyebalehe huweza kushukia korodani. Hivyo ni virusi, na antibayotiki haziviwezi.

Kosa langu la mwisho lilikuwa haraka. Wiki tatu tu baada ya matibabu nilikwenda kupima mbegu, majibu yakanikosesha usingizi. Daktari hakushtuka. Mbegu moja huchukua siku 74 hivi kutengenezwa, kwa hiyo nilikuwa nimepima zile zilizolelewa wakati wa moto. Akaniambia nirudi baada ya miezi mitatu.

Nilirudi. Idadi ilikuwa imepanda, ila zenye mwendo mzuri bado chache. Kipimo kingine nimepangiwa mwezi ujao, na safari hii mke wangu amesema tutakwenda wote.