Mpwa wangu, shamba la bibi lisiuzwe

Mpwa wangu, ujumbe wako nimeusikiliza wote. Unasema kijana wa jirani kakuonyesha video ya mtu wa Marekani anaosha njia ya gari kwa mashine ya presha, saruji nyeusi inarudi nyeupe, halafu anataja dola mia nne kwa nusu siku. Unasema uchumi ukiyumba ndiyo bora zaidi, maana watu hawanunui nyumba mpya, wanaosha za zamani. Na kwamba wewe na mama yako mnafikiria kuuza shamba la machungwa la bibi kule Muheza, upate nauli na mtaji. Limeniuma. Nakujibu mbele ya familia nzima, ili neno lisifike kwenu vipande vipande.

Video si ya uongo. Hela hiyo ipo, na hapa Columbus, Ohio, nimeipata, hasa mwezi wa tano wateja wakiwa wengi. Ila hiyo ni hela inayoingia, siyo inayobaki. Toa petroli ya mashine na ya gari. Toa dawa ya klorini. Toa bima, kwa sababu mteja wa maana, duka au kanisa, hakuruhusu kufungua bomba mpaka aone karatasi ya bima, na mara nyingi anataka iwe ya dola milioni moja. Kisha kodi: aliyejiajiri huku anakatwa takriban asilimia 15.3 ya faida yake kwa ajili ya hifadhi ya jamii na matibabu ya wazee, kabla hata hujagusa kodi ya mapato, kwa kuwa hana mwajiri wa kumchangia nusu.

Sasa hilo la uchumi kuyumba, nani kawadanganya? Waliokuwa hapa Oktoba 2009, ukosefu wa ajira ulipofika asilimia 10, wanasimulia yale yale ninayoyaona kila mambo yakikaza. Mwenye nyumba anaahirisha kwanza kinachoweza kungoja. Paa linalovuja haliwezi kungoja. Ukungu wa kijani ukutani unaweza. Na wakati huohuo kila aliyeachishwa kazi ananunua mashine ndogo dukani na kuosha kwa bei isiyorudisha hata petroli. Anaacha saruji ina michirizi kama pundamilia, anapiga maji kwenda juu mpaka yanapenya nyuma ya plastiki inayofunika kuta za nje za nyumba, na mteja akishaharibiwa hivyo anatuona sote ni wale wale.

Kuna mama mmoja, mteja wangu wa kila mwaka, alinipigia kusema safari hii haitawezekana, mumewe kapunguzwa kazini. Akaniomba radhi sana. Nikamwambia hakuna neno, mama, Mungu atafungua. Hela ile nilikuwa nimeshaipangia ada ya mdogo wako.

Hapo ndipo penye kidonda. Kuanzia Desemba mpaka Machi kazi hakuna. Maji yakiganda ndani ya pampu, pampu inapasuka, kwa hiyo baridi ikikaribia natoa maji yote, napitisha dawa ya kuzuia kuganda, nafunika mashine, nakaa. Na Januari ndiyo mwezi wa ada huko nyumbani. Simu zinaanza: mjomba ana biashara yake, mjomba hakosi. Natuma. Natuma hela iliyokuwa ya vipuri, natuma na ya kodi ya nyumba. Bibi alipougua sikuwepo, nilituma pesa badala ya kuja kumshika mkono, na tangu siku hiyo kukataa kunanishinda. Lakini msiseme ninazo. Ninatuma kwa sababu ni ninyi.

Kuhusu karatasi sitasema mengi: viza ya matembezi haikuruhusu kuosha hata ngazi moja kwa malipo. Usije.

Na kama siku moja utapata karatasi halali, njoo, chumba kipo. Ila njoo mwezi wa tatu, siyo wa kumi na moja. Fanya kazi chini ya mtu msimu mzima kabla ya kununua chochote. Usikope kununua mashine, na usinunue ya bei ya chini, itakufia mikononi. Jua maji ya dawa yanaelekea wapi. Sheria ya maji ya huku, ya mwaka 1972, haitaki yaishie kwenye mifereji ya mvua, na faini inaweza kumaliza biashara. Kidole chako kisipite mbele ya mdomo wa bunduki ya maji hata sekunde moja. Tundu linaonekana dogo kama la sindano, kumbe maji yameshachana nyama ndani, na hapo ni upasuaji.

Lakini mbona mashine hiyohiyo usiiweke barabarani hapo Muheza? Malori na mabasi yanapita kutwa kati ya Segera na Tanga, bodaboda zimejaa matope, na maji hayagandi mwaka mzima. Nimesema sina hela, na bado nasema pampu nitainunua mimi, polepole, msimu ukianza. Sharti langu ni moja: shamba libaki la bibi, asilitie mtu yeyote sahihi.

Nenda kaulize mambo mawili. Kiangazi kikikaza, maji hapo yanatoka wapi na ndoo ni bei gani? Na dereva wa Fuso analipa shilingi ngapi kuoshewa gari zima, na chini pia? Nitumie majibu kabla ya mwezi wa tatu, kazi za huku hazijaanza, nina muda wa kukaa na wewe kwenye simu tupige hesabu pamoja. Mama yako awepo.